Thomas Fuller: Mtumwa asiyejua kuandika aliyebeba mabilioni kichwani

Mtu aliyezaliwa Panda, mjini Likasi, saa sita usiku Kongo ilipoingia siku yake ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, atafikisha umri wa miaka 70, siku 17 na saa 12 ifikapo adhuhuri ya tarehe 17 Julai 2030. Je, mzee huyo atakuwa ameishi sekunde ngapi? Swali lijibiwe bila simu, bila kalamu na bila karatasi.

Jibu ni 2,210,500,800, tukiziacha kando sekunde chache ambazo wanasayansi wamekuwa wakiziongeza kwenye saa za dunia tangu 1972.

Swali hilo si geni. Umri huo huo, miaka 70, siku 17 na saa 12, uliwahi kuulizwa katika miaka ya 1780 huko Virginia, Marekani, wakati Likasi haijawa mji wala haijaitwa Jadotville. Aliyeulizwa alikuwa mzee wa Kiafrika mwenye mvi, asiyejua kusoma wala kuandika, aliyekuwa ameitwa kutoka shambani. Alitoa jibu kwa muda wa dakika moja na nusu. Mmoja wa wageni wake, aliyekuwa akikokotoa kwa kalamu, alimwambia amekosea.

Aliyekosea alikuwa mwenye kalamu.

Mzee huyo alijulikana kwa jina la Thomas Fuller. Magazeti ya wakati wake yalimwita Tom Mweusi, au Mwafrika mpiga hesabu mashuhuri. Kwa mujibu wa sheria za Virginia, alikuwa mali ya mtu.

Akiwa na miaka 14

Fuller alizaliwa Afrika mnamo 1710. Mwaka 1724, akiwa na umri wa miaka 14, alivushwa Bahari ya Atlantiki pamoja na wenzake wengi na kuuzwa. Watafiti wa historia ya hisabati wanaona kuwa huenda alitoka katika ukanda wa pwani ya Afrika Magharibi, kati ya nchi zinazoitwa leo Liberia na Benin.

Alifikia mikononi mwa familia ya Cox, waliokuwa na shamba umbali wa maili nne hivi kutoka mahali ulipo mji wa Alexandria, kando ya mto Potomac. Alipofika Virginia mji huo haukuwapo bado, ulianzishwa 1749. Katika umri wake wa uzee mmiliki wake alikuwa mwanamke, Bi Elizabeth Cox.

Kazi yake ilikuwa jembe. Hakupelekwa shule hata siku moja. Maisha yake yote ya utu uzima yalipita katika shamba la mtu mwingine, na waliomwona uzeeni walimkuta amedhoofika kwa kazi na umri, ingawa hakuwa mlevi.

Simulizi la jinsi alivyoanza hesabu ni fupi. Alijifunza kuhesabu hadi 10, kisha hadi 100. Alipofika hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, alijiona kijana hodari sana. Hakuishia hapo. Alichukua mkia wa ng'ombe akauhesabu unywele mmoja mmoja, akapata nywele 2,872. Baadaye akahesabu kipimo kizima cha ngano, punje kwa punje, na kipimo kingine cha mbegu za kitani.

Mtu anaweza kucheka akimfikiria kijana aliyekaa nyuma ya ng'ombe akihesabu nywele. Lakini mtumwa asiye na kitabu, ubao wala mwalimu angefanyia mazoezi kitu gani kingine? Mkia ulikuwapo, ngano ilikuwapo, na usiku ulikuwa wake.

Kutoka kuhesabu alihamia kwenye kuzidisha na kugawanya, tena kwa mambo ya shambani. Aliweza kusema ni vigae vingapi vya mbao vitaezeka nyumba ya ukubwa fulani, ni nguzo na fito ngapi zitazungushia kiwanja, na ni mbegu ngapi zitatosha eneo la kupanda. Walioandika habari zake wanakiri wazi kwamba mwenye shamba alinufaika mara nyingi na hesabu hizo. Yeye aliyezifanya hakulipwa.

Sifa zake zilisambaa. Watu wenye fedha walikuja kumwona kama watu wanavyokwenda kutazama kiumbe cha ajabu, na baadhi yao walitaka kumnunua kwa bei kubwa. Bi Cox alikataa kila mara. Fuller alimshukuru kwa hilo, na shukrani hiyo imewasumbua wasomaji wengi waliokuja baadaye. Huenda maana yake si ngumu sana. Kwa mtumwa, kuuzwa kulikuwa kung'olewa upya, na Fuller alikuwa ameshang'olewa mara moja akiwa mtoto.

Maswali matatu

Ushahidi ulio bora zaidi kuhusu kipaji chake ulitolewa na watu wawili kutoka Pennsylvania, William Hartshorne na Samuel Coates. Walipokuwa wakisafiri karibu na shamba la Cox walisikia habari za mzee huyo, wakaomba aitwe, na wakampa maswali mbele ya mashahidi.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi kwa kiwango chake: mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi? Baada ya dakika mbili hivi alijibu 47,304,000.

Swali la pili lilikuwa lile la umri wa miaka 70, siku 17 na saa 12. Hapo ndipo bwana mwenye kalamu alipodai kwamba jibu la mzee limezidi. Fuller alimjibu papo hapo kwamba ameisahau miaka mirefu, ile yenye siku 366.

Hesabu inaweza kurudiwa leo na yeyote. Siku moja ina sekunde 86,400. Miaka 70 ya siku 365 inatoa siku 25,550. Ukiongeza siku 17 na nusu unapata 25,567 na nusu, na ukizidisha kwa 86,400 unapata 2,209,032,000. Hapo ndipo kalamu ilipoishia. Lakini ndani ya miaka 70 mna siku 17 za ziada zinazoletwa na miaka mirefu, na siku hizo zina sekunde 1,468,800. Bwana huyo alipoziongeza, alikuta jumla yake ni ile ile aliyoitaja mzee.

Mzaliwa wa Panda wa 30 Juni 1960 anaingia katika hesabu hiyo bila kubadilisha hata tarakimu moja. Kuanzia 1964 hadi 2028 miaka mirefu ni 17 kamili. Mwaka 2000 nao ulikuwa mrefu, tofauti na 1800 na 1900.

Nguruwe wa mkulima

Swali la tatu ndilo lililoacha namba nzuri zaidi. Mkulima ana nguruwe jike sita. Kila mmoja anazaa majike sita katika mwaka wa kwanza, na wote, wazazi na watoto, wanaendelea kuongezeka kwa kiwango hicho hicho kila mwaka. Je, baada ya miaka minane mkulima atakuwa na nguruwe wangapi?

Fuller alitumia dakika 10. Mashahidi walieleza kwamba alichelewa kwa sababu mwanzoni hakulielewa swali sawasawa. Alipolielewa alijibu 34,588,806.

Bila shaka hakuna mfugaji aliyewahi kuona kundi kama hilo. Katika swali hilo hakuna homa ya nguruwe, hakuna anayechinjwa kwa sikukuu, na madume hayatajwi kabisa. Lakini kama hesabu, ni sahihi hadi tarakimu ya mwisho, na ukiifungua namba yenyewe unaona jinsi ilivyojengwa.

Kila nguruwe, baada ya mwaka mmoja, amekuwa saba: yeye mwenyewe na watoto wake sita. Kwa hiyo kila mwaka kundi zima linazidishwa kwa 7. Sita wa mwanzo wanakuwa 42, kisha 294, kisha 2,058, kisha 14,406, kisha 100,842, kisha 705,894, kisha 4,941,258, na mwaka wa nane 34,588,806. Kwa lugha ya darasani, namba hiyo ni 6 mara 7 kwa kipeo cha 8.

Hii ina maana kwamba namba yenye tarakimu nane, inayoonekana kama imeokotwa tu, imeundwa kwa namba tasa tatu ndogo: 2 mara moja, 3 mara moja, na 7 mara nane. Hakuna namba tasa nyingine inayoigawa. Si 5, si 11, si 13. Unaweza kuigawa kwa 7 mara nane mfululizo bila baki, na utarudi kwa nguruwe sita wa mwanzo. Vigawo vyake vyote, ukianza na 1 na kumalizia na namba yenyewe, ni 36.

Tarakimu ya mwisho nayo ina mwendo wake. Tazama mfuatano wa kundi kuanzia mwanzo: 6, 42, 294, 2,058, 14,406. Mwisho wake ni 6, 2, 4, 8, halafu 6 tena. Mzunguko huo wa miaka minne hauvunjiki kamwe. Miaka minane ni mizunguko miwili kamili, kwa hiyo jibu lazima liishie na 6 kama lilivyoanza. Mtu aliyepata jibu linaloishia na tarakimu nyingine angejua mara moja kwamba ameteleza, hata kabla ya kurudia hesabu.

Kuna kipimo kingine, cha zamani, kinachoitwa kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za 34,588,806: unapata 42. Jumlisha tena 4 na 2: unapata 6. Kisha fanya vivyo hivyo safari nzima, ukianza na 6 na kuzidisha kwa 7 kila hatua huku ukizitupa tisa: 6 inabaki 6, kwa sababu 42 inarudi kuwa 6. Kila mwaka, miaka yote minane, mabaki ni 6. Jibu la Fuller linafaulu mtihani huo pia. Na wapenda hesabu watafurahi kuona kwamba jumla ya tarakimu za kundi la mwaka wa nane, 42, ni idadi ile ile ya nguruwe wa mwaka wa kwanza. Hiyo ni bahati tu ya namba.

Mashahidi hawakueleza ni njia gani Fuller aliitumia kichwani, hatua kwa hatua. Lakini kuzidisha kwa 7 mara nane, huku ukishikilia tarakimu nane bila kuandika hata moja, ni kazi ambayo watu wengi huishindwa wakifika hatua ya nne au ya tano.

Baada ya majibu hayo Coates alisema mbele yake kwamba inasikitisha mtu mwenye akili kama hiyo hakupata elimu. Fuller hakukubaliana naye. Alimweleza kwamba ni heri hakusoma, kwa kuwa wako wasomi wengi ambao ni wapumbavu wakubwa. Baada ya tukio la kalamu na miaka mirefu, mgeni huyo hakuwa na hoja kubwa ya kumpinga.

Barua ya Daktari Rush

Habari hizo zilimfikia Benjamin Rush, daktari wa Philadelphia na mmoja wa waliotia saini Tamko la Uhuru wa Marekani la 1776. Mnamo Novemba 1788 Rush aliziandika kwa ajili ya chama cha Pennsylvania cha kupigania kukomeshwa kwa utumwa, na mwaka uliofuata zikachapishwa. Katika kampeni hiyo hiyo alieleza pia habari za James Derham, daktari mweusi wa New Orleans aliyekuwa amezaliwa mtumwa.

Rush hakuandika ili kuburudisha. Wakati huo watetezi wa utumwa walikuwa wakisema kwamba Mwafrika hana akili ya kutosha kuwa huru. Thomas Jefferson, raia wa Virginia hiyo hiyo na baadaye rais wa tatu wa Marekani, alikuwa ametoa kitabu kuhusu jimbo lake. Ndani yake alidai kwamba weusi ni sawa na weupe katika kumbukumbu lakini wako chini sana katika kufikiri, na kwamba ni vigumu kumpata hata mmoja anayeweza kufuata hoja za jiometri ya Euclid. Kitabu hicho kilichapishwa London mwaka 1787. Fuller alikuwa hai, akiishi katika jimbo lile lile.

Kwa hiyo majibu ya mzee yakawa silaha. Jacques-Pierre Brissot, Mfaransa aliyetembelea Marekani mwaka 1788, aliyapeleka Ulaya. Padri Henri Grégoire, mpinzani mkubwa wa utumwa nchini Ufaransa, aliyarudia katika kitabu chake cha 1808 kuhusu vipaji vya watu weusi. Miezi minane baada ya kifo cha Fuller, Benjamin Banneker, mweusi huru wa Maryland aliyejifunza elimu ya nyota, alimwandikia Jefferson mwenyewe na kumpelekea kalenda aliyoikokotoa.

Hata hivyo, silaha hiyo ilikuwa na makali pande mbili. Waliomtumia Fuller kama ushahidi walimwonyesha kama muujiza wa asili, kichwa kilichochipua hesabu chenyewe katika shamba la Virginia. Msomaji wa Ulaya angeweza kumstaajabia na bado akaamini kwamba bara alikotoka halikuwa na elimu yoyote.

Hesabu kabla ya meli

Dhana hiyo ilipingwa waziwazi mwaka 1990, miaka 200 baada ya kifo chake, na watafiti wawili. Mmoja alikuwa Mwingereza John Fauvel. Mwingine alikuwa Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Msumbiji kwa sehemu kubwa ya maisha yake na kuwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi duniani katika utafiti wa hisabati za jamii za Afrika. Gerdes alifariki mwaka 2014.

Wawili hao waliuliza jambo ambalo Rush hakuuliza: mvulana huyo alijua nini kabla ya kupakiwa melini?

Miaka 14 si utoto mchanga. Katika pwani alikotoka watoto wa umri huo walikuwa wameshaona soko kwa miaka mingi. Kitabu cha mfanyabiashara Jean Barbot, kilichotoka 1732, kinawasifu watu wa Ouidah kwa kufanya hesabu kubwa kichwani kwa usahihi ule ule ambao Wazungu waliupata kwa kalamu na wino. Fedha ya huko ilikuwa kauri. Kauri 40 zilifanya uzi mmoja, nyuzi 50 zilifanya kichwa cha kauri 2,000, na vichwa 10 vilifanya mfuko wa kauri 20,000. Kauri hizo zilitoka Maldivi, na katika karne ya 19 shehena kubwa zilitoka pia Zanzibar. Mtu aliyenunua mbuzi kwa fedha ya namna hiyo alishughulika na maelfu kila siku.

Lugha zenyewe zilidai hesabu. Katika Kiyoruba, kutaja 16 ni kusema ishirini ipungue nne. Mtoto anayezungumza namba kwa namna hiyo anatoa na kujumlisha kabla hajaona ubao.

Kwa wasomaji wa Kongo, kuna mfano ulio karibu zaidi. Mfupa wa Ishango, uliofukuliwa kando ya Ziwa Edward mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, una mistari iliyochongwa kwa makundi. Safu yake moja ina 11, 13, 17 na 19, ambazo zote ni namba tasa na jumla yake ni 60. Wataalamu hawajakubaliana kama mchongaji alijua hilo au ni sadfa. Lakini umri wa mfupa huo, unaokadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, unatosha kuonyesha kwamba kuhesabu Afrika hakukuanza na daftari.

Mwisho wa mzee

Sensa ya kwanza ya Marekani ilianza tarehe 2 Agosti 1790. Katika Virginia ilihesabu watumwa 292,627. Majina yao hayakuandikwa. Karani aliandika idadi tu, chini ya jina la mkuu wa kaya. Fuller alikuwa bado hai siku hiyo. Mtu aliyeweza kushikilia mabilioni kichwani alikuwa sasa moja ndani ya namba ya wengine.

Alifariki Desemba ya mwaka huo, akiwa na miaka 80. Bi Cox hakuwa amemuuza, na pia hakuwa amempa uhuru. Gazeti moja la Boston lilitangaza kifo chake tarehe 29 Desemba 1790. Lilieleza kwamba aliweza kubadili muda wowote kuwa miezi, siku, saa na sekunde bila kusahau miaka mirefu, na kubadili umbali wowote, hata upana wa njia ya dunia kulizunguka jua, kuwa yadi, futi na inchi. Lilisema pia kwamba kama angepata nafasi walizopata maelfu ya watu wengine, vyuo vya sayansi vya London na Paris, na hata Newton mwenyewe, wasingeona aibu kumwita ndugu katika elimu.

Tangazo hilo hilo lilianza kwa kutaja alikuwa mali ya nani. Jina alilopewa na wazazi wake huko Afrika halimo humo, wala halimo katika barua ya Rush.